Silikoni Iliyokataa Kuganda

Wivu wa mke mwenza unajulikana. Wivu wa jirani aliyepaka nyumba rangi mpya unajulikana pia. Lakini wivu wa Shangazi ulikuwa wa peke yake jamani, maana yeye alimwonea mtu kijicho kwa ajili ya vichochoro ambavyo ukiambiwa uvitazame kwa macho matupu, huoni kitu. Tulieni niwaeleze.

Shangazi hakuwa shangazi wa mtu yeyote pale kazini. Vijana wa maabara ndio waliomwita hivyo, jina likamkaa, naye akalipenda kuliko lile alilopewa na wazazi. Alikuwa mwanamke mfupi, mnene wa wastani, mwenye vidole vyembamba ambavyo havikulingana na mwili wake hata kidogo. Ujanani alikuwa fundi wa meno bandia. Alimwaga plasta kwenye kalibu za taya za watu, akachonga, akasugua, mpaka kibogoyo aliyeingia amejifunika mdomo anatoka anacheka hata mahali pasipo na cha kuchekesha. Siku moja akaja Profesa, mkuu wa maabara ya kuchunguza kansa, jino lake la mbele limevunjika. Akakaa pale anangoja, anavitazama vile vidole. Jino lilipokamilika akasema, "Dada, hapa unapotea bure. Njoo ufanye kazi kwangu." Shangazi akaenda, na hakurudi kwenye meno tena.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Seli za kansa zikitaka kuhama pale zilipozaliwa ziende kuvamia sehemu nyingine ya mwili, lazima zipenye katikati ya nyama, mahali pembamba mno. Profesa alitaka kuziona zikipenya. Sasa mwilini mwa mtu utachungulia vipi? Ndipo unapozijengea vichochoro vyako mwenyewe: kibamba cha silikoni, kiangavu, kidogo kama stempu, na upande wake wa chini kina mifereji myembamba kuliko unywele. Seli unaziweka upande huu, chakula unakiweka upande ule, halafu unakaa kwenye hadubini kutazama ipi inapenya, ipi inakwama, na ipi inajikunyata na kurudi ilikotoka. Kalibu zililetwa zimekwisha kuchongwa kwa mitambo. Kazi ya Shangazi ilikuwa kuchanganya silikoni na dawa yake ya kugandisha, kuimwaga juu ya kalibu, kunyonya mapovu kwa pampu, kuioka kwenye oveni, kisha kuibandua bila kuchana hata kichochoro kimoja. Hapo kwenye kubandua ndipo wengi walipolia. Shangazi alibandua huku anapiga soga.

"Hakuna mkono kama wa Shangazi," Profesa alizoea kuwaambia wageni. Naye Shangazi hujifanya anatafuta kitambaa chini ya meza, kumbe masikio yote mawili yako juu. Maneno hayo ndiyo yaliyompandisha ngazi asubuhi na kumshusha jioni akiwa bado ana nguvu za kupika. Mtu wa namna hii, ukimnyima sifa umemnyima hewa.

Sasa, kila fundi ana siri yake, na siri ya Shangazi ilikuwa glavu. Alipoanza kazi ile, silikoni yake ilikuwa inaganda juu, lakini chini inanata kama uji uliolala. Akahangaika, akabadilisha kila kitu, akakaribia kuomba arudi kwenye meno. Ndipo fundi mmoja aliyekuja kutengeneza oveni akamwambia chini kwa chini, "Mama, acha hizo glavu nyeupe za mpira. Zina kitu ndani kinachoua dawa ya kugandisha. Vaa hizi za bluu." Akavaa za bluu, balaa likaisha. Je, alimwambia mtu? Thubutu! Alichofanya ni kuhakikisha boksi la glavu za bluu halikosekani mezani. Akiulizwa kwa nini hataki nyeupe, anajibu, "Zinaniwasha." Vijana wakavaa za bluu kwa kumwiga, hakuna aliyejua maana yake.

Maisha yakaenda hivyo kwa miaka mingi, mpaka alipokuja Kidosho.

Kidosho alikuwa ndiyo kwanza ametoka masomoni, na hilo jina alipewa na mtu wa stoo siku alipopita mlangoni mwake. Lakini si uzuri wa sura uliomchoma Shangazi. Kwake sura ilikuwa si kitu, angekuwa na sura kama mlango asingemjali. Kilichomchoma ni kwamba binti alikuja na kalibu zake. Vichochoro vya zamani vilikuwa vimenyooka tu, kuingia na kutoka. Vya Kidosho vilikuwa na kona, na vinguzo vya kuzuia njia, na vyumba vidogo ambamo seli inapumzika kabla ya kuchagua wembamba mwingine wa kupenya. Hivyo unaweza kujua kama seli iliyokwisha kubanwa mara moja inapita kirahisi zaidi mara ya pili. Profesa alipoona, alipiga makofi peke yake.

"Mgeni njoo, mwenyeji apone!" alisema.

Mwenyeji apone wapi, Shangazi alijisemea moyoni. Mwenyeji ndiyo kwanza anaanza kuugua.

Akaugua kweli. Wageni wakija, hawaletwi tena mezani kwake, wanapitilizwa hadi kwa Kidosho. Kiti cha Profesa, ambacho zamani kilikuwa karibu na oveni, kikahama chenyewe mpaka dirishani kwa yule binti. Siku moja Shangazi alimwona Kidosho anabandua kibamba. Aliomba Mungu kichanike. Hakikuchanika. Kilitoka kizima, kinang'aa, na binti hata hakupumua kwa nguvu. Kijiba cha roho kilimkaa Shangazi siku nzima.

Na ubaya ulioje, Kidosho alimpenda! "Shikamoo Shangazi," kila asubuhi, na kikombe cha chai ameshamwekea, sukari kama anavyotaka. Shangazi anaitikia "marahaba" kwa puani. Angekuwa binti mwenye nyodo, ingekuwa afadhali, angalau mtu angepata pa kumshikia. Huyu hakuwa na pa kushikiwa.

Nyumbani mume wake, aliyekuwa mpiga chapa na sasa yuko tu na mdomo wake, alimwona anavyokata vitunguu kwa hasira.

"Leo amekufanya nini tena huyo mtoto?"

"Kipya kinyemi ingawa kidonda," Shangazi alijibu.

"Sasa hicho kidonda ni yeye au ni wewe?"

Alimsonya msonyo mrefu, mume akachukua kiti chake akaenda kukaa nje.

Basi, katika hali hiyo ndipo akatokea Msusi. Huyu alikuwa mwanamke mwenye kibanda cha kusuka nywele upande wa pili wa barabara ya hospitali, mwenye uvimbe tumboni uliokuwa unangoja kutolewa. Daktari wa upasuaji alimwomba kipande cha uvimbe huo kiende kwa Profesa, kikiwa bado kibichi, seli zikiwa hai. Seli za kufugwa maabara walikuwa nazo tele, lakini kipande kibichi cha mtu wa leo ni nadra. Msusi alikubali, ila akasema kwanza anataka kuona huko kinakokwenda.

Akaja. Wakamwonyesha kibamba cha Kidosho kwenye hadubini. Akachungulia, kisha akacheka. "Mimi nimegawa vichwa vya watu njia maisha yangu yote, nikadhani najua njia nyembamba. Haya, nawaomba kitu kimoja. Mkiziweka humo, mje mniambie zilikwama wapi. Zimenitesa sana hizi. Na zenyewe zikione cha moto."

"Utaambiwa dada, tena utaonyeshwa," Profesa alimwahidi, akamgeukia Kidosho. "Tutatumia kalibu yako. Na umwage mwenyewe, unaijua zaidi. Shangazi, wewe safari hii pumzika."

Pumzika! Mbele za watu! Shangazi alitabasamu mpaka mashavu yakamuuma. Kazi kubwa kuliko zote zilizowahi kuingia mle ndani, na yeye anaambiwa apumzike kama ng'ombe aliyezeekea jembeni.

Siku iliyotangulia upasuaji, Kidosho alijiandaa kumwaga silikoni ili ilale kwenye oveni na asubuhi iwe tayari. Akanyoosha mkono kwenye boksi la bluu. Tupu.

"Shangazi, glavu za bluu zimeisha?"

Ndani ya kabati la Shangazi kulikuwa na boksi jipya, halijafunguliwa. Ufunguo ulikuwa mfukoni mwake, anauhisi pajani.

"Si unaona mwenyewe boksi liko tupu?" alijibu.

Uongo hakusema, tukubaliane hapo. Kidosho akatoka mbio hadi wodini, akarudi na glavu nyeupe za mpira alizopewa na muuguzi. Huko alikosomea kila mtu alivaa za bluu, hakuwahi hata kuulizia tofauti. Akavaa. Shangazi alichukua kitambaa akaanza kufuta hadubini ambayo haikuwa na vumbi. Kwa pembe ya jicho alimwona binti anakoroga, glavu inagusa mkorogo. Akamwona anapitisha kidole juu ya kalibu yake nzuri, taratibu, kutoa kijivumbi. Mwambie, moyo ulisema. Neno moja tu. Halafu upande wa pili ukajibu: si amesoma? Si ndiye anayeijua zaidi? Mimi nimeambiwa nipumzike, na ninapumzika.

Akajitia hamnazo. Akafuta, akafuta, kisha akachukua mkoba wake.

"Kazi njema, mwanangu," alisema, akaenda zake.

Asubuhi Kidosho alibandua. Silikoni ilivutika nyuzi nyuzi, ikamng'ang'ania vidoleni, na upande wa chini vichochoro vyote vilikuwa vimelaliana. Hakuna kona, hakuna chumba, hakuna kitu. Akajaribu kibamba cha pili, yale yale. Na kipande cha Msusi kilikuwa kimeshafika, kimo ndani ya kiboksi cha baridi mlangoni, kimeshikwa na muuguzi anayeuliza akiweke wapi.

"Shangazi!" Kidosho aliita, sauti imekatika. "Nisaidie!"

Lo, mngemwona Shangazi! Alikunja mikono ya koti, akavaa za bluu alizochomoa kabatini bila mtu kuangalia, akatoa kalibu yake ya zamani yenye vichochoro vilivyonyooka, akachanganya, akamwaga, akapandisha moto wa oveni ili igande haraka. Watu walimpisha njia. Alikuwa bingwa tena, na wala hakujificha kufurahi. Lakini silikoni haiharakishwi namna hiyo, na seli mbichi hazingoji. Zilipowekwa kwenye vichochoro zilikuwa zimechoka. Zilikaa mlangoni pa kichochoro, zikajikunja, zikafa hapo hapo. Hakuna hata moja iliyopenya, hakuna hata moja iliyokwama, maana kukwama nako lazima kwanza utembee.

"Angalau Shangazi alijaribu," Profesa alisema, amekaa chini. Kisha, bila kumtazama Kidosho: "Kuanzia leo vibamba vya wagonjwa anamwaga Shangazi."

Jioni ile aliimba jikoni. Mume wake alichungulia. "Umeokota nini?"

"Nimerudishiwa kilicho changu."

Baada ya muda Msusi alikuja, amepungua, anatembea ameshika ubavu. Hakukaa hata. "Haya, niambieni. Zilikwama wapi?"

Kidosho aligeukia dirishani. Ikabidi Shangazi ndiye aseme, "Hazikufika mbali, dada. Kibamba kiliharibika."

"Mtafanya tena?"

"Daktari aliutoa wote. Hakikubaki kipande."

"Ee. Nashukuru hakikubaki, lakini..." Msusi alicheka kidogo, kisha kicheko kikamwishia. "Nilitaka sana kujua. Basi, poleni na kazi." Akaenda, pole pole, mkono ukutani.

Msidhani Shangazi alitubu. Roho ilimuuma, ndiyo, chai haikushuka siku ile. Lakini alipogeuka akamwona Kidosho kwenye kona analia, ile raha ikamrudia, ndogo, tamu, na mwenyewe akaiogopa.

Ila Kidosho alikuwa wa wale ambao wakilia wanalia huku wanafanya kazi. Kila siku, watu wakishamaliza, yeye anamwaga silikoni upya. Akabadilisha oveni. Akabadilisha mkorogo, maji ya kuoshea, hata meza. Profesa alimwambia aache, asijitese. Hakuacha. Shangazi alimtazama anavyokaribia, leo hiki, kesho kile, na usingizi ukaanza kumpaa.

Asubuhi moja, wote wamekaa kwenye kikao, Kidosho alisimama akaweka vibamba viwili mezani. Kimoja kikavu, kinang'aa. Cha pili kinanata.

"Silikoni ile ile, kalibu ile ile, oveni ile ile," alisema. "Hiki nimevaa glavu za bluu. Hiki nimevaa nyeupe. Ni glavu! Jamani, ilikuwa glavu tu!"

Chumba kizima kikapiga kelele. Mtu wa stoo akajipiga paji la uso. Vijana walivigusa vibamba kwa zamu. Katikati ya kelele hizo Profesa aligeuka kwenye kiti chake, taratibu, akamtazama Shangazi.

"Shangazi. Wewe tangu zamani huvai nyeupe. Ulikuwa unajua?"

Hapo ndipo Shangazi alipoona alivyobanwa. Akisema alijua, swali la pili liko mlangoni: na siku ile ulikuwa wapi? Ulikuwa umekaa pale pale, na kitambaa mkononi, unatazama. Na ya Msusi je? Akisema hakujua, basi yeye ni fundi gani? Ameshika silikoni miaka yote hii na hajui hata inachokichukia! Kitu pekee alichowahi kukijua ambacho hakuna mwingine mle ndani aliyekijua, ndicho alichotakiwa sasa kukikana.

"Mwenyewe alisema zinamwasha," alidakia mtu wa stoo, na wengine wakacheka.

"Profesa, Shangazi angejua angeniambia," Kidosho alisema haraka, karibu kwa hasira. "Alikuwepo wakati navaa. Alikuwa ananiona. Kweli angeniacha?"

Wote wakamgeukia. Jicho la Profesa halikuhama.

"Sikujua," Shangazi alisema.

Profesa alishusha pumzi, na uso wake ukalegea, ukawa na huruma, ile huruma tunayomwonea mtu aliyezeeka bila sisi kugundua. "Kumbe," alisema pole pole. "Na mimi wageni wote wale nawaambia ni mkono, kumbe ni glavu."

Hakusema kwa ubaya. Angesema kwa ubaya, Shangazi angepata pa kugombania.

"Si kosa lake," Kidosho alisema. "Hakuna aliyewahi kumfundisha."

Ikaamuliwa pale pale kwamba kila anayeshika silikoni aanze upya, tangu kukoroga hadi kubandua, na Kidosho ndiye atakayefundisha. Siku ya somo walisimama wote kuizunguka meza. Kidosho alimvuta Shangazi kwa mkono hadi mbele kabisa, aone vizuri. Akamvalisha glavu za bluu mwenyewe, kidole kwa kidole. Akamweleza silikoni ni nini, dawa ya kugandisha ni nini, mapovu yanatoka wapi, na kwa nini glavu nyeupe ni mwiko. Alieleza vizuri. Hakukosea hata mahali pamoja, na Shangazi aliyejua kila neno kabla halijatamkwa alitafuta kosa hilo mpaka akachoka.

"Umeelewa, Shangazi, au nirudie?"

Vijana walikuwa wanangoja. Profesa alikuwa mlangoni, ameegemea.

"Rudia, mwanangu," Shangazi alisema.

Na Kidosho akarudia tangu mwanzo, pole pole, kwa upendo, huku amemshika mkono.